Kupiga kambi kwenye tamasha la muziki Kilifi: mwongozo wa anayeenda mara ya kwanza

Novemba ikiingia tu, simu yangu hujaa maswali yale yale. Hema la aina gani? Maji ya kuoga yapo? Msichana akienda peke yake ni salama? M-Pesa inashika? Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hivyo majibu yote nayaweka hapa.

Nazungumzia tamasha la Mwaka Mpya la Kilifi, lile lililojulikana kama Kilifi New Year na sasa linaitwa Beneath the Baobabs, kwa kuwa ndilo wengi huanza nalo: siku kadhaa za muziki, mahema kati ya mibuyu, na joto la Desemba. Mengi nitakayosema yatakufaa kambi yoyote ya pwani. Ukienda Sauti za Busara kule Zanzibar mwezi wa Februari, hema liache nyumbani; muziki uko Ngome Kongwe, katikati ya Mji Mkongwe, na watu hulala gesti. Ukienda Nyege Nyege kule Jinja, Uganda, tia gambuti kwenye mzigo.

Kama huna subira ya kusoma yote, shika hili: anayechoka mapema kwenye tamasha kwa kawaida ni yule aliyekosa usingizi. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni habari za kulala.

KABLA YA KUANZA: VITU VYA KUWA NAVYO

Vya kulalia: hema lenye wavu wa mbu na kifuniko cha mvua kinachotoka, turubai dogo au mkeka wa kutandika chini, godoro jembamba, shuka. Blanketi zito la nini Desemba hii? Hema la "watu wawili" linatosha mtu mmoja na begi lake. Mkiwa wawili nunueni la watatu au wanne. Hema la mitumba si baya, ila fungua zipu zote mbele ya muuzaji, tazama wavu dhidi ya jua kama una matundu, na uhesabu vigingi.

Kikoi viwili au zaidi. Kikoi ni taulo, shuka, pazia, mto ukikikunja, na kivuli ukikifunga kwa kamba. Huu ndio mzigo mwepesi wenye faida kuliko vyote.

Kamba ya mita kumi hivi, gunia dogo au mfuko wa nguo uliochakaa (utaona kazi yake), tochi ya kufunga kichwani, pawabanki iliyojaa chaji, vizibo vya masikio, kofia, mafuta ya kuzuia jua, dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, tishu za chooni, sabuni, viatu vilivyofunika vidole pamoja na ndara.

Dawa: za maumivu, plasta, na pakiti kadhaa za ORS, zile chumvi za kuchanganya na maji, zinazouzwa kila duka la dawa. Kama unatoka sehemu isiyo na malaria, muulize mfamasia au daktari kuhusu dawa za kinga mapema. Baadhi yake huanza kumezwa kabla hujasafiri.

Kitambulisho halisi, pesa taslimu za noti ndogo, na tiketi iliyochapishwa kwenye karatasi.

Kitu cha kuacha: vito, laptopu, na chupa za glasi. Jiko la gesi pia liache, hasa ukisafiri kwa treni, maana mzigo unapekuliwa stesheni na mtungi wa gesi haupiti.

HATUA KWA HATUA

1. Maliza habari ya tiketi na usafiri kabla Desemba haijaanza.

Tiketi nunua kwa waandaaji wenyewe. Mtu anayekuuzia kwenye kikundi cha WhatsApp "kwa sababu amepata dharura" anaweza kuwa mkweli, lakini picha ile ile ya tiketi anaweza kuwauzia watu watano, na langoni anapita wa kwanza.

Treni ya SGR kutoka Nairobi hujaa wiki hizo. Wengi hukimbilia ile ya moja kwa moja hadi Mombasa, kisha wanaanza kutafuta gari stesheni ya Miritini, wanavuka Mombasa, na wanakwama Mtwapa kwenye msongamano jua likiwachoma. Iko njia nyingine: treni ya asubuhi inayosimama vituo vya katikati husimama pia Mariakani. Kutoka hapo kuna barabara ya lami inayopita Kaloleni na kutokea Mavueni, karibu kabisa na daraja la Kilifi. Huenda ukabadilisha matatu njiani, lakini Mtwapa utaisikia kwa wenzako tu. Mabasi ya usiku ya Nairobi kwenda Malindi nayo hupita Kilifi. Uliza kabisa kama lako linapitia Mombasa au Kaloleni. Nauli za Desemba hupanda, na tiketi ya kurudi tarehe moja au mbili Januari ndiyo ngumu kuliko ya kwenda. Zikate pamoja.

2. Simamisha hema nyumbani kwanza.

Sebuleni, uani, hata juu ya paa la ploti. Lisimamishe, lala ndani dakika kumi, lifunge, lirudishe kwenye mfuko wake. Hapo ndipo utagundua nguzo iliyovunjika au kwamba kifuniko cha mvua ni cha hema lingine. Ukigundua hayo Kilifi usiku, na spika zinatetemesha ardhi, hakuna wa kukuuzia kingine.

3. Fika mchana, ikiwezekana kabla ya saa nane.

Anayefika usiku hupiga hema penye nafasi iliyobaki, na nafasi iliyobaki huwa ni karibu na vyoo, njiani, au mbele ya spika. Ukifika usiku kwa bahati mbaya, piga hema hapo hapo ulale, kisha hama kesho asubuhi bila aibu.

4. Chagua mahali. Hapa usiharakishe.

Hema lililo juani halikaliki kuanzia saa mbili asubuhi. Wewe umelala saa kumi na moja alfajiri. Hesabu mwenyewe.

Kwa hivyo unachotafuta ni kivuli cha asubuhi, na watu wengi hukikosa kwa sababu wanafika alasiri na kupiga hema kwenye kivuli wanachokiona wakati huo, ambacho kiko upande wa pili kabisa. Desemba, jua la Kilifi huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, likiegemea kusini mashariki. Kivuli cha asubuhi basi huangukia magharibi ya mti, kikipinda kaskazini kidogo. Fungua dira kwenye simu, simama kwenye shina la mbuyu, tembea hatua nane au kumi kuelekea magharibi. Hapo ndipo pako. Asubuhi kivuli cha mbuyu huwa kirefu, kwa hivyo huna haja ya kujibana chini ya matawi, na mti mkubwa utakufunika mpaka kama saa tatu au nne.

Kukaa nje ya matawi kuna faida ya pili. Buyu ni gumu, ni zito, na halitoi taarifa. Mnazi ndio mbaya zaidi: chini ya mnazi wenye nazi hulali, hata kama kivuli chake kinakuita.

Ukiwa karibu na ufuo, tafuta mstari wa mwani mkavu. Ule ndio unaonyesha maji yalifika wapi. Panda juu yake kwa umbali mzuri, na kama mwezi ni mpevu au mchanga panda zaidi, kwa kuwa bamvua hufika pasipofikiwa siku za maji mafu. Mtu wa pwani atacheka kuona nimeandika hili, lakini kila anayetoka bara huipenda ile sehemu safi ya mchanga iliyolowa kidogo.

Halafu tazama chini. Epuka njia ya siafu, sehemu iliyobonyea ambayo mvua itaifanya kidimbwi, na mtambaa wenye maganda ya kahawia yenye manyoya. Huo ni upupu. Kaa mbali nao.

Mwisho, vyoo: visikukalie karibu kiasi cha kuvinusa, visiwe mbali kiasi kwamba utajisaidia kichakani usiku.

5. Piga hema ukijua uko juu ya jiwe.

Sehemu kubwa ya ardhi ya hapa, ukiuondoa mchanga wa ufuoni, ni udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe. Kigingi kinaingia inchi mbili, kinapinda, basi. Usikipige kwa hasira. Fanya hivi: funga kamba ya hema kwenye jiwe dogo, livute mpaka kamba ikaze, kisha weka jiwe kubwa juu ya kamba, kati ya jiwe dogo na hema. Upepo ukivuta, jiwe dogo linajibana kwenye lile kubwa na halitoki. Ila kabla ya kuokota jiwe lolote, ligeuze kwanza kwa kiatu. Nge hupenda kukaa pale pale unapotaka kuingiza vidole.

Kwenye mchanga shida ni kinyume, kigingi kinaingia vizuri na kinatoka vizuri vile vile. Lile gunia sasa lijaze mchanga, lifunge kamba katikati, lizike kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, kanyaga juu. Usije na mifuko ya plastiki kwa kazi hii. Imepigwa marufuku Kenya tangu 2017.

Kamba usifunge kwa kuchimba wala kupigilia msumari kwenye mbuyu. Na ukiona mbuyu umefungwa vitambaa au kuwekwa vitu shinani, pita kimya. Kwa Wamijikenda baadhi ya miti hii ina wenyewe. Watu wa Kilifi wana uchungu na mibuyu yao, na tangu ile iliyong'olewa mwaka 2022 ikapelekwa nchi ya Georgia, uchungu umeongezeka.

Desemba upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini mashariki. Elekeza mlango huko upate hewa. Kifuniko cha mvua kiache kimefungwa upande mmoja na kukunjwa upande mwingine, ili mvua ikija ukivute tu. Mvua za vuli huwa zimekwisha au zinakaribia kwisha, lakini manyunyu ya ghafla ya alfajiri hayajakwisha.

6. Ndani ya hema.

Zipu ifungwe saa zote, hata ukitoka kwa dakika moja. Chakula kisikae ndani: siafu watakuja, tumbili watakuja, na tumbili hajui zipu ni nini, atararua. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa. Hema lina mlango wa kitambaa, kwa hivyo vya thamani tembea navyo kwenye kijibegi cha kiunoni. Kufuli kwenye zipu ni tangazo tu.

7. Maji kwanza, chakula baadaye.

Lenga lita tatu hadi nne za maji kwa siku, zaidi ukicheza mchana. Anza kunywa asubuhi, usingoje kiu. Kila bia iandamane na maji. Ukiona mkojo ni wa rangi ya chai, umechelewa; changanya ORS unywe taratibu.

Chakula kitakuwepo ndani, kwa bei ya tamasha. Mjini Kilifi utapata mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai jioni, na madafu wakati wowote, kwa bei ya binadamu. Nenda mara moja kwa siku ukiwa umevaa vizuri: jifunge leso, funika mabega. Kilifi na Takaungu ni miji ya watu wanaoishi humo mwaka mzima, wakiwemo Waislamu wengi, na wazee wanasubiri shikamoo yako kama kawaida.

Bafu huwa na foleni ndefu saa tatu hadi saa tano asubuhi. Nenda alasiri, kabla ya saa tisa. Maji ya tangi huwa yamepata joto na foleni haipo.

8. Panga usingizi wako kama unavyopanga wasanii wa kuwaona.

Huwezi kucheza usiku na mchana kwa siku nne. Wanaojaribu wanalala mkesha wenyewe, saa sita usiku ya Mwaka Mpya inawapita wakikoroma. Mpango unaowafaa wengi: lala saa tisa alasiri hadi saa moja jioni, nje, chini ya mti, kikoi kikiwa kivuli na wavu mdogo ukiwa nao. Kula. Cheza mpaka alfajiri. Lala tena mpaka kivuli kikuhame. Usiku mmoja kati ya hizo toa sadaka, lala mapema na vizibo masikioni.

9. Pesa, simu, na kupotezana.

Umati ukijaa, mtandao hulemewa, na M-Pesa inaweza kuchelewa wewe umeshashika sahani. Ndiyo sababu ya zile noti ndogo. Simu iweke kwenye hali ya kuokoa betri, na uizime ukilala.

Na wenzako kubalianeni mahali pa kukutana na saa za kukutana: "mbuyu ulio karibu na lango, kila saa kamili inayogawanyika kwa tatu." Saa tatu, saa sita, saa tisa. Hata simu zote zikifa mtaonana.

10. Kinywaji, bahari, na wewe mwenyewe.

Kinywaji kilichofunguliwa na mtu mwingine usinywe, na chako ukikiacha mezani kimekwisha, nunua kingine. Kuwekewa mchele, yaani dawa ya kulevya kwenye kinywaji, hakuchagui jinsia. Dada anayekuja peke yake: piga hema karibu na kundi lenye wasichana, jitambulishe mapema kukiwa bado na mwanga, na mjulishe mtu wa nyumbani uko sehemu gani ya kambi. Wengi huja hivyo na hurudi salama, lakini majirani uliowasalimia ndio watakaogundua hujarudi.

Baharini usiingie usiku, na usiingie umelewa. Maji yanayopwa kwenye mkono wa bahari huvuta kwa nguvu kuliko yanavyoonekana. Bangi ni kosa la jinai Kenya, tamasha au si tamasha.

11. Kuondoka.

Funga hema likiwa kavu. Likifungwa na umande litaota ukungu kabla hujafika Voi. Rudisha mawe, fukua gunia lako la mchanga, takataka zote beba mpaka zinapokusanywa. Hema lililoharibika usiliache ukidhani utakuwa umemsaidia mwenyeji. Nguzo zilizovunjika ni kazi ya mtu mwingine kuokota.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, ngozi ina joto. Ni jua. Kivuli mara moja, kikoi kilicholoweshwa maji shingoni na kifuani, ORS kwa kunywa kidogo kidogo. Kama mtu anaongea ovyo au anazimia, hilo halingoji: mpeleke kwenye hema la huduma ya kwanza. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi iko mjini. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandike kwenye karatasi.

Umeguswa na upupu. Usijikune, utausambaza. Bandika selotepu juu ya ngozi na uibandue mara kadhaa ili itoe vile vinyweleo, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Nguo ulizovaa zitenge.

Umeumwa na nge. Osha, weka kitu cha baridi, meza dawa ya maumivu, na uende huduma ya kwanza wakutazame. Usichanje wala kufyonza.

Umetuma pesa kwa namba isiyo sahihi. Sambaza ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 haraka, kabla aliyepokea hajatoa.

Umepoteza kitambulisho. Ripoti kituo cha polisi, chukua abstrakti, ile hati ya kuonyesha umeripoti. Bila hiyo utasumbuka kwenye treni ya kurudi.

Nguzo ya hema imevunjika. Tia kijiti kilichonyooka kando ya sehemu iliyovunjika, zungushia selotepu au uzi mwingi. Ikishindikana, funga kamba kati ya miti miwili, tundika hema juu yake kama nguo, na uvute pembe chini kwa mawe.

Jirani ana spika yake na hataki kulala. Nenda ukamwombe mara moja, kwa upole, ukiwa na kitu cha kumpa, hata mahamri mawili. Asipokubali, vizibo. Ugomvi wa kambini hauna mshindi na mlinzi atawatoa wote wawili.

Umerudi nyumbani, na wiki moja au mbili baadaye homa inakupata. Usiseme ni uchovu wa sherehe. Nenda ukapime malaria siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba ulilala pwani kwenye hema.